Gari la Idi Halikohoi Tena

Karatu,
Jumapili jioni.

Mama yangu,

Shikamoo. Asalaam aleikum wewe na wote waliokuzunguka hapo nyumbani. Mguu unaendeleaje? Dada Mwajuma ameniambia umeshaanza kwenda shambani kabla haujapona, nikamjibu kwamba hiyo si habari, habari ingekuwa umekaa kitako. Alizeti zimekubali mwaka huu? Na yule mbuzi mweupe mkorofi, bado anakula kanga za watu kwenye kamba? Mimi huku ni mzima wa mwili. Baridi ya Karatu imeshika, asubuhi tunatoa moshi mdomoni bila sigara, lakini kazi ipo. Magari ya watalii yanaharibika kama kawaida na mimi nayatengeneza kama kawaida.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama, simu yako si yako. Nikipiga tu wajukuu wanaweka spika, shangazi anachangia kutoka jikoni, na jirani anauliza ni nani huyo. Nina jambo la kukuambia wewe peke yako. Barua nimempa mpwa wa Mama Paskalina, mwenye nyumba wangu, anayekuja Singida kununua mafuta ya alizeti. Nimemwambia aitie mkononi mwako. Vaa miwani, kaa penye mwanga, soma taratibu.

Ni habari ya gari la mdogo wangu, marehemu Idi.

Uliniagiza kwamba siku ya hitma ya mwaka nije nalo, kwa sababu gari la mwanao haliwezi kuzeekea ugenini. Nikaitika. Hujawahi kuliona ila kwenye picha: milango miwili, pua ndefu, gari lililokimbia mashindano enzi za ujana wako, kisha likaachwa kwenye banda la shamba la kahawa chini ya magunia. Idi alilifufua mwenyewe, mimi nikimcheka. Akawa anapeleka nalo vipuri mlimani kila gari la watalii linapozimika njiani. Ulikuwa hujaliona, lakini sauti yake uliijua, maana alikuwa akikupigia injini ikiunguruma, kusudi umgombeze.

Sasa sikiliza nikueleze kitu ambacho msibani sikuwa na moyo wa kukieleza. Injini ile ilikuwa na kabureta mbili, moja mbele na moja nyuma. Kabureta haina akili, mama. Inamwaga mafuta vile vile uwe Singida au uwe juu ya mlima. Ukipanda kuelekea kreta, hewa inakuwa nyepesi, mafuta yanazidi, gari linatoa moshi mweusi na kukosa pumzi. Kwa hiyo Idi alikuwa na jeti za aina mbili, vidude vidogo vya shaba vyenye tundu la kupimia mafuta. Za chini zilikuwa na tundu kubwa, za mlimani tundu dogo. Akifika pahali fulani msituni, kabla ya geti la hifadhi, anasimama pembeni, anafunua boneti na kuzibadilisha huku anapiga mluzi. Alijisifu kwamba anaweza kufanya hivyo amefumba macho.

Siku ile alikuwa anapeleka kipuri kwa gari lililokwama huko juu likielekea Malambo. Ukungu ulikuwa umeshuka. Alisimama pale pale anaposimama siku zote, akafunua boneti. Lori lililokuwa linateremka halikumwona. Yaliyobaki unayajua, maana ulimwosha kwa machozi yako.

Walipolivuta gari mpaka kwangu, nilifunga boneti na sikuifungua tena. Sisi mafundi tuna desturi yetu, kazi aliyoianza mwenzako huiingilii mpaka mwenyewe arudi. Ni upuuzi, najua, kwa mtu aliyezikwa. Lakini mkono ulikataa. Gari likiwashwa linawaka, basi nikaliacha hivyo.

Halafu wewe ukaanza Ijumaa zako. Ukitoka kuswali unanipigia, unasema, "Liwashe nimsikie." Nami naacha kazi, nalipiga starta, nashika simu karibu na boneti. Mara ya kwanza uliniuliza, "Mbona linakohoa?" Nikakujibu linaomboleza. Unakumbuka? Na kweli nilidhani hivyo. Mimi, fundi, ambaye mteja akiniambia gari lake lina huzuni ningemwambia akanywe maji akalale. Mama Paskalina naye alikuwa akilisikia anaacha kupepeta maharage, anasema, "Gari imefiwa hii, iache ilie." Sote tukakubaliana. Wewe ukazoea kile kikohozi, mwisho ukawa unasema ndiyo sauti ya mwanangu hiyo, sasa nimeshiba, zima.

Ulipoagiza nije nalo niliwaza njia ya Mbulu na Haydom, milima kupanda na kushuka, na gari linakohoa. Nikasema hakuna mtu wa tumbo lako atakayesimama tena barabarani kufunua boneti kwa ajili ya jeti. Nitang'oa kabureta zote mbili, nitaweka EFI hapa hapa uani. EFI ni mfumo wa magari ya siku hizi. Mafuta yanapulizwa na nozeli, na kontrol boksi ndiyo inayoamua kiasi, kwa kuisoma hewa yenyewe. Ukipanda inapunguza, ukishuka inaongeza, na dereva hana habari.

Basi nikafunua boneti. Nikafungua kabureta ya mbele, nikakuta jeti za mlimani. Nikafungua ya nyuma, nikakuta jeti za chini. Nilikaa kwenye vumbi na bisibisi mkononi, na Mama Paskalina akadhani nimeanguka.

Mama, unaelewa ninachokuambia? Idi alikuwa amemaliza moja. Ya pili hakuwahi kuigusa. Nusu ya injini ilikuwa mlimani na nusu iko chini, ndiyo maana ikawa inakohoa. Hakukuwa na maombolezo yoyote. Ile uliyokuwa ukiisikiliza kila Ijumaa haikuwa sauti ya gari la Idi, ilikuwa sauti ya pale alipokatizwa. Na mimi ndiye niliyekushikia simu uisikie.

Tangu hapo usingizi wangu umeharibika. Nakiona kile kidole gumba chake kinakaza jeti ya mbele, kimekaza vizuri kama nilivyomfundisha, na kinakwenda kwenye ya nyuma.

Jeti za chini za ile ya mbele zilikuwemo kwenye kopo lake ndani ya gari. Nikazirudisha. Nikapiga starta. Mama, likaunguruma lile lenyewe, kwa sauti nzito, laini, bila kukwama, kama lilivyokuwa likiingia uani Idi akipiga kelele tumwekee chai. Mama Paskalina alitoka jikoni mikono ina unga, akasema, "Yusufu, mdogo wako amekuja," halafu akajiziba mdomo. Niliinua simu nikupigie. Jina lako lilikuwa tayari kwenye kioo. Nikawaza, akisikia hii atauliza ile nyingine ilikuwa nini, na shangazi yuko hapo, na watoto wako hapo. Nikaweka simu mfukoni. Nikasimama nikasikiliza peke yangu mpaka injini ikapata joto, kisha nikazima. Sikuwasha tena. Nisingeweza kuvumilia mara mbili, na jeti za mlimani za kabureta ya nyuma zilipotea kwenye majani kule msituni, kwa hiyo hata ningetaka kuliacha na kabureta zake, lingepanda mlima na kikohozi kile kile.

Nikaendelea na kazi. Nozeli na kontrol boksi nilizitoa kwenye gari dogo lililopata ajali. Manifodi, lile bomba la kuingizia hewa kwenye injini, niliichonga upya ili nozeli zikae, nikatumbukiza pampu ya nguvu kwenye tenki, nikavuta mpira wa kurudisha mafuta. Waya zilinishinda, nikamwita Gwandu, kijana wa Kiiraqw anayefanya umeme wa magari mjini. Anakuja na kompyuta yake na njaa yake. Anakula ugali wa watu watatu, kisha anaunganisha kompyuta na kontrol boksi na kuipangia mafuta, hapa ongeza, hapa punguza. Siku lilipowaka bila kutetemeka aliruka juu. "Chalii yangu, chuma imekubali! Skiza ilivyotulia!"

Ilikuwa imetulia kweli. Unafungua swichi, pampu inalia kidogo, inanyamaza, unagusa starta, basi. Gwandu akanitazama. "Mbona kama hujafurahi, bro?"

Nikamwambia nimefurahi.

Kuna jambo jingine, na usimwambie shehe maana atanitungia dua. Wakati gari limekaa juu ya mawe, halina hata kabureta, tulikuwa tunalisikia. Mchana kweupe. Linapanda kutoka mjini, linapunguza pale kwenye kona ya kanisa, halafu linapotea. Mama Paskalina alisikia kwanza, akanyanyuka kwenda kufungua lango, mkono umefika kwenye komeo ndipo akakumbuka. Siku nyingine nikasikia mimi. Wewe unajua mimi si mtu wa kuamini majini. Nilijiambia ni pikipiki, ni upepo, ni kichwa changu. Lakini nilikuwa nasikia, na nilikuwa nasubiri lifike. Tangu tulipowasha EFI halijasikika hata mara moja. Mama Paskalina anasema mtoto amepumzika na amewasha mshumaa kanisani kwa furaha. Mimi nimekasirika, mama. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano nikalipeleka kulijaribu, peke yangu. Nilitaka lipande mpaka getini bila kusimama. Ukungu ulikuwepo. Nilikuwa nimeinamisha sikio, nasubiri lianze kukosa pumzi kama zamani, moshi utoke, nijue nimefika pale pahali. Halikukosa pumzi. Halikubadilika hata chembe. Nikawa najisemea kontrol boksi inafanya kazi vizuri, Gwandu ni fundi, na hapo nikaona mwanga mbele. Ni geti.

Nilikuwa nimeshapita. Nilipita pale alipoangukia mdogo wangu na sikujua kama nimepita. Mwaka mzima niliogopa kufika pale, na nikapapita nikiisifu injini.

Askari wa getini alikuja akaniuliza kama naumwa, maana nililia kwa sauti, kama mtoto. Nilipoweza kuendesha nikageuza, nikateremka polepole nimetoa kichwa dirishani, nikapatafuta. Nikasimama. Nikasoma fatiha. Nilipapasa majani yale kuzitafuta zile jeti mpaka vidole vikafa ganzi kwa umande. Sikuziona.

Kwa hiyo hilo ndilo nililotaka ulijue kabla sijafika. Kabureta ninazo, nimezisafisha, nitazileta zimefungwa kwenye kitambaa. Ukisema nizirudishe kwenye gari nitazirudisha, mimi ni mwanao na gari ni la mwanao. Lakini nakuomba usiseme hivyo. Na nakuomba Ijumaa hii usinipigie uniambie niliwashe. Nipigie tu. Tuongee habari za alizeti, au tunyamaze, nitakuwepo.

Nisalimie dada Mwajuma, mwambie akutilie maji ya moto kwenye mguu hata ukikataa. Nisalimie shangazi yetu Zuhura mpishi wa hitma, naomba asitie chumvi kwa hasira. Mjomba Ramadhani mchimba visima mwambie spana zake nimezipata. Wale wajukuu wote wa spika wapige busu, na yule mkubwa anayejiita fundi mwambie nitampa kazi ya kweli. Mama Paskalina anakusalimu sana, anasema wewe ni dada yake ingawa hamjaonana, na amekufungia maharage.

Nitaondoka huku alfajiri, siku mbili kabla ya hitma, nikijaaliwa. Nakujua. Utakaa kibarazani tangu mchana umetega sikio upande wa barabara, kama ulivyokuwa ukimsubiri yeye, ili ulisikie tangu mbali. Usikae, mama. Hutalisikia likija. Lala ndani, pumzisha mguu, usisikilize kitu. Utasikia hodi, na atakayekuwa mlangoni ni mimi tu.

Mwanao anayekupenda,
Yusufu.