Kitako cha Kopo

Mjukuu wangu Hamisi, mume wangu mdogo,

Sisi hapa Ujiji tu wazima. Shangazi yako wa Mwandiga amejifungua mtoto wa kike, ana sauti kama honi ya meli. Unasema mwalimu wenu wa chuo anafundisha kwamba serikali ikikaa pembeni, soko litajiendesha lenyewe. Unaniuliza mimi, muuza dagaa, kama ni kweli.

Nimeliona likijiendesha. Usichanani mwangu, pale mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki, hapakuwa na mizani wala askari. Tulipima dagaa kwa makopo ya aina moja. Mimi, kwa ujanja wangu, nikakigonga kitako cha langu kwa jiwe kikaingia ndani, ili lipokee dagaa wachache. Mama mmoja kutoka ng'ambo, Kongo, akanunua. Alimimina dagaa wangu kwenye kopo la muuzaji jirani yangu, watu wakitazama. Halikujaa. Akatabasamu, akaenda zake.

Kesho yake kila mteja aliligeuza kopo langu, akatazama kitako, ndipo akanisalimia. Hakuna aliyewatuma! Hadi leo nikikumbuka mwili unanisisimka: watu wengi vile, lugha mbalimbali, jicho moja.

Basi mwambie mwalimu inawezekana. Ila yule mama alirudi kila wiki, na kopo langu lilishikika mkononi. Hao matajiri wenu wa huko, makopo yao nani anaweza kuyageuza?

Ni mimi bibi yako. Nimezeeka, na bado wapo wanaoligeuza kopo langu.