Mgogo Aliyelala Pangoni

Jumatatu, mwezi 5 Mfungo Nane
Nimetwanga. Nimepika mlenda. Zena kaugusa kwa kidole, kanawa. Mwezi mzima sasa tangu tumzike mwanawe, na mjukuu wangu huyu hasemi neno. Maziwa bado yanamlowesha kanga. Siku ile mvua ilitukimbiza makaburini, mtani hata mmoja hakutokea. Maziko bila watani, bila mzaha, ni maziko gani? Kilio kimemkwama kifuani. Naogopa. Nimeshazika wa kutosha.

Jumanne, mwezi 6
Nimemwota marehemu mume wangu. Mzigo kichwani, anaingia ndani ya jiwe jeupe. Zamani za upagazi yeye na wenzake walilala huko, kwenye korongo la mawe ya chokaa, njia ya Ujiji. Alisema mawe yale yananyonyesha. Siku hizi kuna ngazi, na mlinzi huwaonyesha wageni mapango kwa karabai. Nitampeleka Zena. Shule sikwenda, herufi alinifundisha yeye. Ndoto zake nazisoma vizuri.

Alhamisi, mwezi 8
Garimoshi. Vumbi. Miombo, miombo, miombo. Zena kichwa dirishani. Nimemmenyea karanga, kazishika tu mkononi mpaka zikapata joto.

Ijumaa, mwezi 9
Korongo limetumeza taratibu. Kuta nyeupe, ubaridi, popo. Ndani ya pango mawe yananing'inia kama maziwa ya wanawake, yanadondoka tone, tone. Zena akajishika kifua. Nikadhani nimekosea, nimemleta aumie.

Mlinzi, mzee mmoja, kauliza kabila. Wanyamwezi, nikamwambia. Kumbe yeye Mgogo. Mtani! Uso ukamchangamka. Nikamnong'oneza msiba wetu. Akanikabidhi karabai, akajilaza kwenye shimo la jiwe, refu kama kaburi, kafumba macho.

"Nimekufa! Siinuki mpaka nyie wapagazi mnibebe kichwani hadi pwani!"

Tone. Tone.

"Nani abebe maiti inayonuka mbuzi?"

Zena huyo! Kacheka, na pango zima likacheka naye. Kisha kicheko kikapasuka, akalia, akalia. Nikamkumbatia, nami nikalia kama mtoto. Mgogo hakuinuka mpaka tulipomaliza. Mungu ampe mbuzi wasiohesabika.

Jumatatu, mwezi 12
Nyumbani Gongoni. Upepo. Zena kaamka mapema, kafagia uwanja. Mchana kaonja mboga yangu, kasema haina chumvi.

Ina chumvi.

Nimeongeza.