Fomu ya Mbithe

Jumatatu, 2 Juni 2003
Wiki ya tisa tangu nitoke nyumbani Kithimani. Hapa Mlolongo, machimboni, ni vumbi tu. Mgongo umekataa kuinama.
Kavutha, mke wangu, amenitumia bahasha kwa dereva wa lori la mchanga. Ndani mna fomu ya hospitali. Mbithe wetu wa miezi mitano alizaliwa kama dada yake Nzisa: kule chini hakuonekana wazi ni msichana au mvulana. Vipimo vikasema msichana, akapewa dawa ya kila siku ya kumweka hai. Daktari anataka kumpasua Jumatatu ijayo, afanane na wengine. Imebaki sahihi ya baba.
Ya Nzisa niliiweka mwaka wa tisini na moja. Sikusoma. Karani alinionyesha mstari, nikaandika jina, nikakimbia kazini.

Jumatano, 4 Juni
Fomu iko chini ya godoro. Kalamu ninayo — ndiyo hii.
Nzisa ana miaka kumi na tatu. Amepasuliwa mara tatu. Mkojo humchoma. Mwezi wa tatu, kabla sijaondoka, damu yake ya kwanza ilikosa njia kwa sababu ya kovu, akalala sakafuni siku mbili akiuma kanga. Wakamfungua tena. Daktari akasema kutakuwa na upasuaji mwingine akikaribia kuolewa. Alisema kama fundi anayeahidi kurudi kupiga rangi.

Alhamisi, 5 Juni
Nilipiga simu dukani kwa Halima. Kavutha alikuwa akingoja kwenye simu ya soko kule nyumbani. Nyuma yangu foleni, Wakamba watupu — Kikamba hakifichi kitu. Nikamwuliza habari za "ndama", yaani Mbithe, na daktari. Muindi, tunayechonga mawe naye, akadakia: Masila, ndama wako ana daktari? Basi mimi nahamia zizini kwako! Wakacheka. Hata mimi.
Kavutha akasema niweke sahihi tu, amechoka kumbadilisha mtoto nepi mlango ukiwa umefungwa. Kisha Nzisa akachukua simu. Baba, Mbithe anakojoa bila kulia. Dawa yake anameza, ananenepa. Sasa wanakata nini?
Nikamwambia mtoto hatakumbuka. Akasema hata yeye hakumbuki, na bado ni yeye anayeumwa. Mngojeni akue, aseme mwenyewe.
Nzisa ana jina la mama yangu. Mimi humwita mwaitu, yaani mama, na mtu hamfokei mama yake. Halima akasema dakika zimekwisha.

Jumamosi, 7 Juni
Msimamizi amenipa ruhusa kwa shingo upande. Akauliza: mvua hakuna, unaenda kupalilia nini?
Fomu nimeikunja bila jina langu. Kavutha atawaka! Dawa iendelee, hiyo naielewa. Kisu, sijui nitamwambia nini daktari. Yeye amesoma. Nataka Nzisa aingie nami, aseme yake. Lakini kuvuliwa siri tena mbele ya wageni — huenda hataki. Mara ya kwanza hakuna aliyemwuliza.
Nitamwuliza. Natarajia kufika nyumbani kesho, saa sita mchana.