Neno la Mlango wa Zizi

Kisumu, Jumapili baada ya ibada. Mwaka wa arobaini na mbili tangu nivuke mpaka pale Sirari.

Manyama, rika yangu,

Mwanao Mafuru amenipigia tena. Msiba wako unamalizwa Jumamosi, Butiama, na ng'ombe ameshachaguliwa. Kinachokosekana ni mtu wa rika lako wa kusimama mlango wa zizi aseme ulivyoishi. Kati ya wote tuliotoka jando pamoja nimebaki mimi. Sheria yake unaijua: neno lile halijibiwi na mtu, na rika akidanganya pale, nyumba ya marehemu ndiyo inayoumia.

"Baba, tunaleta gari mpaka mpakani," anasema. Ana sauti yako, ile ya mahakamani. Sasa anagombea kiti chako cha ubunge. "Watu wa Bunda wanasemaga mzee alimkana rafiki yake. Wewe simama tu, sema mlikuwa mmepanga. Maneno yataisha."

Hatukupanga, Manyama.

Nakukumbuka ukirudi likizo ya chuo, unasimama mbele ya ng'ombe wa baba yako na kuwahutubia: "Waheshimiwa!" Mama yako akapiga kelele kutoka jikoni, "Manyama, hao wameshakubali, waingize ndani!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miaka michache baadaye ulisimama hivyohivyo mahakamani Musoma, ukiwatetea watu wa Buhemba waliokuwa wakitolewa mashambani mwao. Hakuna aliyecheka. Walirudi kulima.

Halafu ukaingia bungeni. Ukawa naibu waziri, ukatupwa nje, vikaja vyama vingi ukarudi, baraza likavunjwa, ukarudi tena. Mengi niliyasoma huku, kwenye magazeti ya nyumbani yaliyokuja yamefunga samaki. Nilikuwa nayakausha juani kwanza.

Lakini ile siku ya Bunda sikuisoma popote. Nilikuwepo. Nikiwa mwalimu pale, nilikuwa nimewaambia wakulima wa pamba kwamba mizani inawapunja, maneno niliyoyatoa kinywani mwako, na watu walikuwa wameanza kukamatwa. Ukaja kama naibu waziri kutuliza. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na magunia. Mtu akauliza, "Mheshimiwa, na yule mwalimu, rafiki yako?"

"Mwalimu yupi? Simjui."

Na ulikuwa unanitazama mimi. Ukashika tai, ukanitazama tena, ukageukia upande wa barabara. Kabla hakujapambazuka nilikuwa njiani kwenda Sirari. Waliokuja kunikamata walikuta nyumba tupu.

Ulikuwa unanifukuza ili nipone? Au uliogopa tu, kama mtu yeyote mwenye kiti? Nimeligeuza swali hili mpaka limenizeesha. Ulipofariki nililia, ndiyo. Lakini nililia pia kwa hasira, kwa sababu jibu umeondoka nalo.

Sasa fikiria nimesimama pale zizini. Nikisema tulipanga, nimedanganya mbele ya ng'ombe wako na nimewatia mkosi wajukuu. Nikisema ulinikana, mwanao amekwisha, na huenda nimekuonea. Nikisema sijui, watu watajaza wenyewe.

Wazee walituwekea njia. Rika aliye hai akishindwa kufika, fimbo yake inalazwa mlangoni, ng'ombe wanapita juu yake, shughuli inaisha. Hakuna neno linalosemwa. Kwa hiyo nimeifunga ile fimbo uliyonikatia tulipotoka jando, na dereva wa Mafuru ataichukua mpakani. Imechakaa kwenye kishikio. Nilipomwambia kwenye simu, kijana alisema, "Basi, baba. Wataongea." Nikamwambia waache waongee, baba yako aliwahi kuongelewa na wakubwa kuliko hao.

Lala, Manyama. Wasalimie wenzetu waliotangulia, waambie nawafuata taratibu, magoti hayataki haraka. Nakuahidi jambo moja. Mtu yeyote akiniuliza huku, awe wa serikali au wa sokoni, kama nilikujua, nitamjibu: namjua.

Nyumbani sitarudi.