Mguu Uliolala, Papa

Mpendwa Papa,

Tangu tukuzike kule juu kwenye malisho, kila mtu nimemsimulia zile siku zetu za hospitali. Nilikuwa msichana, nimevunjika mguu, wakaupasua. Dawa ya usingizi ilipoisha nikalia mpaka sauti ikakauka. Ulikilaza kichwa changu mapajani mwako, wewe ambaye hukuwahi kumbeba mtoto mbele za watu. "Vumilia, mutoto wangu. Hapa dawa ingine hakuna." Nilikupenda siku ile kuliko siku zote.

Sasa nimejua, Papa. Wiki iliyopita mjukuu wako Furaha aligongwa na pikipiki njia ya Kitshanga, akavunjika mguu kama mimi. Muuguzi wa dawa za usingizi ni yuleyule wa wakati wangu, mvi zimemjaa. Akanieleza kwamba baada ya upasuaji atamwachia kampira kembamba pajani, karibu na mshipa wa fahamu, dawa ipite humo, mguu ulale peke yake. Akiumwa zaidi ataongeza, akitulia atapunguza. Kisha akanitazama vizuri. "Mama, ule mutoto alivunjikaka muguu zamani iko wewe? Papa yako njo alikatalaka hii dawa. Alisema ngombe yenye haisikie muguu, tunaichinja."

Kwanza nilicheka. Ndivyo ulivyokuwa: ng'ombe akizaa akashindwa kusimama, ulimfinya mguu, na asiposhtuka ulitafuta kisu. Halafu kicheko kikakatika. Dawa ilikuwepo! Hukuniuliza, na mguu ulikuwa wangu. Uliogopa, sawa, hilo nakusamehe. Lakini ulinitazama machoni nikipiga kelele, ukaniambia haipo. Umeninyang'anya hata ile siku ya kichwa changu mapajani mwako.

Nilikubali wamfanyie Furaha. Alitoka mguu umelala, akaomba maziwa ya mgando, akacheka nilipomtekenya wayo naye hasikii kitu. Leo asubuhi wametoa kampira. Mchana vidole vikaanza kucheza, mguu umeamka kabisa, nami nikatoka nje nikalia kwa hasira.

Niliporudi akaniuliza, "Mama, na wewe walikulazaka muguu hivi?"

Nikamwambia, "Hapana. Wakati ile, dawa haikukuwa."

Anakupenda sana, Papa. Basi uongo wako sasa ninao mimi, na sijui nitaubeba mpaka lini.

Lala.

Binti yako, ambaye bado anachechemea