Mume Wangu Hatoki Mpaka Niseme "Nisamehe"

Mpendwa mshauri wa redioni, naomba msaada wa haraka, na ninaposema haraka namaanisha kabla ya saa sita mchana wa leo hii, kwa hiyo kama kuna barua nyingine mezani kwako ya mtu anayelalamikia wifi yake, tafadhali iweke chini kidogo usome yangu.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule na mume wangu ni fundi bomba, tuna miaka kumi na mmoja ya ndoa na watoto watatu, na miaka yote hiyo bomba la jikoni kwangu linavuja, nimeweka ndoo, ndoo ya kwanza ikazeeka ikatoboka nayo ikawa inavuja, na kila nikimwambia ananijibu, "Nitalitazama," na kweli analitazama, anasimama pale mikono kiunoni akilitazama, kisha anakwenda zake.

Sasa miezi mitatu iliyopita nilipita duka la vifaa vya ujenzi nikamkuta na wateja wake, mmoja wao akaniuliza kama mume wangu ni fundi mzuri, nami ulimi ukaniponyoka, nikasema, "Huyu angekuwa bomba, ningeshaita fundi mwingine." Duka zima likaangua kicheko, mwenye duka akashika kaunta asianguke, na tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Vujavuja, na kazi zikapungua, kwa sababu nani atamwita Vujavuja aje amfungie bomba? Mimi nilikuwa natania tu, mshauri, lakini yeye hakucheka.

Baada ya hapo akapata kazi kwenye lile boma la ibada lenye ukuta mrefu nyuma ya kiwanda cha matofali, awafungie tangi na mabomba, na huko wakamwita Mhandisi, Kiongozi wao mwenyewe akimshika bega mbele ya waumini, basi mtu akaanza kuchelewa kurudi, kisha akaanza kulala huko huko, kisha akaja kuchukua godoro. Hatukujua kwamba mle ndani kuna watu wameficha bunduki. Jumamosi polisi walipokwenda kumkamata Kiongozi wakapokelewa kwa risasi, askari mmoja akapigwa mkononi, na leo ni siku ya tano boma limezingirwa, polisi nje, wenye bunduki ndani, na mume wangu katikati ameshika spana.

Polisi walikata maji ya boma ili walio ndani wachoke wasalimu amri. Mkuu wao akaniita kwa heshima, akaniuliza tangi litadumu siku ngapi, nikamwambia, "Afande, usipate shida, mume wangu hajawahi kufunga kitu kisichovuja, kesho watakuwa wakavu." Mpaka leo hawajakauka. Mshauri, huko halivuji hata tone! Niliumia kuliko siku ile alipobeba godoro.

Juzi pande mbili zilikubaliana kwa simu kwamba yeyote asiyeshika silaha aruhusiwe kutoka, na mwisho ni leo saa sita, baada ya hapo askari wataingia na hakuna atakayepata nafasi ya kuchagua nani wa spana nani wa bunduki. Jana asubuhi wakatoka wanawake na watoto, wakatoka wapishi, akatoka na mzee mmoja kiziwi. Mume wangu hakutoka. Mchana nikapewa kipaza sauti, afande akaninong'oneza, "Mama, mwambie maneno matamu," na mimi nikasema la kwanza lililonijia: "Baba watoto, toka, bomba la jikoni bado linavuja!" Askari wakacheka, hata wale wa ndani niliwasikia wakicheka, kisha sauti yake ikatoka kwenye dirisha la chumba cha pampu: "Kwanza niombe radhi kwa uliyosema dukani!"

Nikasema, "Haya, pole."

"Pole?" akapiga kelele. "Pole huambiwa mgonjwa! Mimi naumwa? Sema nisamehe!"

Mshauri, pale palikuwa na askari zaidi ya sabini, waandishi wa habari na kamera zao, mwenye duka la vifaa naye hakukosa, na mama mkwe wangu amekaa kwenye kiti alicholetewa na polisi, ananitazama. Nikashindwa. Neno lilifika kooni likarudi. Nikaweka kipaza sauti chini, nikarudi nyumbani kushona, lakini sishoni, nimekaa na kitambaa mapajani, kila kishindo nadhani ni risasi, mtoto wa mwisho ananiuliza kama baba atakula nyumbani leo, na mimi nampenda yule mwanaume, nampenda na mabomba yake yote, ila najiuliza, yeye ndiye aliyetuacha akaenda kulala kwa wenye bunduki, mbona msamaha niombe mimi? Na nikilisema neno hilo watu wote wakisikia, nitaongea nini tena nyumbani kwangu? Nishauri nitumie maneno gani atoke bila mimi kujidhalilisha. Nisamehe sana kwa barua ndefu na kwa kukuvurugia asubuhi yako.

Mshonaji Mwenye Ndoo

MSHAURI ANAJIBU:

Binti yangu, nilianza kuisoma barua yako nikicheka mpaka fundi mitambo wetu akanichungulia kwenye kioo, kisha nikafika pale penye saa sita, kicheko kikaniisha. Saa hizi ni saa tatu na dakika kumi. Tuongee upesi.

Kwanza pole. Umeona neno hilo lilivyo zuri likikaa mahali pake? Lakini mtu akikukanyaga makusudi halafu akakuambia "haya, pole", si utamuuliza, "Kwani nani kanikanyaga?" Pole husema hata mpita njia. Nisamehe husema aliyetenda. Mumeo ni fundi, umempa nati isiyo saizi yake, akakurudishia. Wala hajakosea.

Unauliza mbona uombe wewe. Kwa sababu ya dukani uliyasema wewe! Ya bomani ni yake, na zamu yake ya kuomba msamaha itafika, ataomba kwako, kwa watoto, na kwa hakimu ikibidi. Lakini makosa hayapangi foleni, kwamba la mwenzio litangulie ndipo lako lifuate. Ulimharibia mtu jina mbele ya wateja wake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Halafu akatokea wa kumwita Mhandisi na kumshika bega, nawe unashangaa godoro limekwenda wapi. Ningekuwa mimi ningebeba na mito. Na hilo tangi lisilovuja lisikuume, likufundishe. Mumeo anajua kazi, akiifanya mahali anapoheshimiwa.

Ati neno limekushinda? Mimi siamini. Soma mwisho wa barua yako: "Nisamehe sana kwa barua ndefu." Umeniomba msamaha mimi, usiyenijua, kwa kosa ambalo hata silioni, tena ukaniwekea na "sana" juu yake. Mtu wa redioni anapewa bure, baba wa watoto wako ananyimwa? Mama mkwe mwache atazame, macho ni yake. Na kamera ziache. Kosa la hadharani haliombewi radhi chumbani.

Na wewe bwana wa chumba cha pampu, kama humo mna redio, nisikilize. Heshima unayoidai ni haki yako, ila uwe hai uipokee. Wanaokuita Mhandisi wamekuacha mbele ya mitutu, na aliyesababisha uitwe Vujavuja hashoni, hatulii, anasikiliza vishindo tu. Ukiitwa, toka, hata akikosea neno tena.

Binti, rudi pale sasa hivi. Ongea na afande kwanza, askari wote wajue kuna mtu anatoka na anatokea mlango gani. Mwambie mumeo atoke mikono juu, na spana aiache huko huko, maana kwa mbali spana na bastola zinafanana. Kisha sema: "Nilikuvunjia heshima dukani. Nisamehe. Toka, tunakusubiri." Hapo nyamaza. Usiongeze "lakini". Usitaje jikoni wala godoro, na mdomo ukikuwasha, ng'ata leso. Akitoka watamchukua wamhoji, usipige mayowe, uliza anapelekwa kituo gani, mtafutie wakili, mpelekee shati safi. Bomba litasubiri, limeshazoea.

Neno likirudi kooni tena, fikiria hili: saa sita ikipita hajatoka, huenda jioni nyumba yako ikajaa watu, kila mmoja akikushika mkono na kukuambia pole, na hizo utazipokea zote, hutakuwa na wa kumrudishia.

Sasa ni saa tatu na robo. Usisubiri wimbo. Zima redio, vaa viatu, nenda.