Kipima Pumzi cha Bonge

Jumanne, 4 Machi

Bonge yuko hai. Nianze na hilo, mengine yafuate.

Saa nane mchana. Kutwa tumepokezana mtoto; sasa mama mkwe jikoni, mimi chumbani. Bonge kakataa kulala tangu asubuhi — ana miezi mitatu tu, lakini analia kama mtu mzima aliyeibiwa. Nikamlaza kifudifudi. Mimi! Mkunga wa miaka tisa, ninayesimama wodini kila asubuhi nisipokuwa likizo ya uzazi kuwaambia wazazi: chali, jamani, mtoto alale chali! Nilijua akilalia tumbo atanyamaza. Nilitaka saa moja tu ya utulivu. Kanyamaza kweli. Nikaenda kuoga. Nikajipaka mafuta taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, kama bibi harusi.

Niliporudi, uso umezama kwenye mto wangu. Midomo imebadilika rangi. Nikamgeuza, nikamsugua mgongo, nikampiga nyayo — ndipo akavuta pumzi, akalia.

Tulikwenda hospitali, ila si ile ninayofanyia kazi. Daktari wa watoto kampima kila kitu, mzima. Akauliza nani alimlaza. Baba Bonge naye alikuwa keshafika mbio kutoka kazini, kitambulisho kinaning'inia shingoni, ananitazama. Nikausikia mdomo wangu ukisema: "Alikuwa na bibi yake."

Maneno manne.

Jumatano, 5 Machi

Baba Bonge kaongea na mama yake. Walifunga mlango, lakini kuta za nyumba hii ni kama pazia. Hakumgombeza. Afadhali angegombeza. Alisema kwa upole kwamba kuanzia leo mtoto aachiwe mama yake. Kisha sauti ya mama mkwe: "Asubuhi nilimlaza chali, baba. Au ... sijui. Labda baadaye nilimgeuza. Kichwa hiki siku hizi sikiamini."

Ameamini! Nikainamia beseni, nikafua nepi ambazo tayari zilikuwa safi.

Ijumaa, 7 Machi

Baba Bonge anataka tununue kidude cha kupima pumzi mtoto akilala. Nichague mimi, maana mimi ndiye mtaalamu. Mtaalamu!

Nimesoma mpaka macho yanawasha. Kuna mkeka wa kuweka chini ya godoro, mtoto akikaa bila kutikisika unapiga kelele. Kuna kibanio cha kubana kwenye nepi, kinasikiliza tumbo. Kuna soksi, inasoma mapigo ya moyo na kutuma kwenye simu. Nimechora jedwali kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Baba Bonge kalitazama, kanipiga busu la utosi, kasema Bonge ana bahati kupata mama makini namna hii.

Nikakunja karatasi.

Jumamosi, 8 Machi

Dukani. Muuzaji bwana mnene, mcheshi. Kajibana kibanio kwenye mkanda wake, kashika pumzi atuonyeshe kinavyolia. Tukasubiri. Macho yakamtoka, mashavu yakamvimba — kidude kimya! Akaachia pumzi kama tairi, ndipo kikalia. Baba Bonge kacheka mpaka akashika kaunta. Nami nikacheka. Halafu nikamkumbuka mama mkwe, aliyekataa kuja. "Nendeni tu, nisije nikawaharibia."

Muuzaji kauliza kwa nini tunatafuta. Baba Bonge kanitangulia kujibu: "Mama yangu ameanza kusahau." Mbele ya mtu baki! Muuzaji katikisa kichwa kwa huruma, eti wazee wetu ndivyo walivyo. Na mimi nimesimama palepale na boksi mkononi, najifanya nasoma maelezo ya betri.

Tumechukua soksi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia daktari wa watoto. Nilijua atakachosema, maana mwenyewe huwa nakisema: kwa mtoto mwenye afya, vidude hivi havijathibitishwa kuokoa maisha. Alale chali, godoro gumu, bila mto wala mablanketi. "Lakini hilo unalijua, dada. Mweleweshe bibi yake polepole, asijisikie vibaya."

Nikasema asante, daktari.

Soksi imelia mara tatu leo. Mara zote ni Bonge kaitupa kwa teke. Mara ya pili Baba Bonge katoka bafuni na povu usoni, kateleza, kaanguka chali. Kila ikilia, mama mkwe anakuja mlangoni, mikono nyuma, haingii. Wiki iliyopita tu alikuwa anamwita Bonge "mume wangu", anajifanya ananionea wivu mpaka nakereka. Sasa anampita kitandani kama anayepita karibu na vyombo vya watu.

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe kaenda kupimwa kichwa. Peke yake, hakumwambia mtu. Wakamuuliza tarehe, majina ya watoto wake, wakamhesabisha kutoka mia kurudi nyuma kwa saba saba. Kapata yote. Kanionyesha karatasi: kumbukumbu nzuri. Nilidhani amefurahi.

"Basi ni uzembe, mwanangu," kasema. "Kama kichwa ni kizima, basi nilifanya uzembe tu."

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu. Nikamuuliza kama anataka chai.

Ijumaa, 14 Machi

Anaondoka. Anahamia kwa wifi yangu, kasema huko hakuna mtoto mchanga wa yeye kumdhuru. Jumatatu narudi kazini, tumeshapata mlezi. Begi lake la magurudumu lilikuwa sebuleni tangu asubuhi.

Kabla ya kuaga kaingia chumbani — mara ya kwanza wiki hii — kaniomba nimwonyeshe soksi inavyovalishwa. "Nikija kuwatembelea nisikosee tena." Kaushika mguu wa Bonge kwa vidole viwili, kama anashika kitu kilichotoka motoni. Bonge kamchekea.

Nikasema: "Mama, siyo wewe."

"Siyo mimi nini?"

Baba Bonge kaingia na funguo za gari. Wote wawili wananitazama. Nikakimbilia bafuni! Na daftari hili, sijui kwa nini nimelibeba. Nimekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, mlango nimeufunga.

Baba Bonge anagonga, anauliza kama naumwa. Watachelewa, anasema. Mama mkwe anamkataza. "Mwache, baba. Ana jambo. Atatoka mwenyewe."

Ananitetea. Mimi!

Nasikia magurudumu ya begi yanakuja kwenye korido. Yamesimama nje ya mlango huu. Hayaondoki.